Patrice Lumumba: karani wa Kalima aliyeanza kwa kuomba karte, akamaliza kwa kudai inchi

Karibu mwaka wa 1943, vita ya pili ya dunia ikiwa ingali moto, kijana mmoja wa miaka kama 18 aliingia Maniema kutafuta kazi. Wakati ule bati ilikuwa mali kubwa. Wajapani walikuwa wamekwisha kukamata Malaya, na Wamarekani na Waingereza walihitaji bati ya mahali pengine kwa viwanda vyao vya vita. Kampuni ya Symétain, iliyochimba bati Kalima, ilitafuta mikono mingi ya kuchimba. Ilitafuta pia watu wachache wenye kujua kuandika, kuhesabu na kupanga makaratasi. Kijana yule alijua kuandika. Alipitia Kindu, akaendelea mpaka Kalima, akapata kiti cha ukarani.

Jina lake Patrice Lumumba.

Leo watu wanamjua Lumumba wa Kinshasa, Lumumba wa Kisangani, na Lumumba wa Shilatembo kule Katanga alikouawa. Lumumba wa Maniema hazungumzwi sana, labda sababu hakukaa: mwaka wa 1944 alikuwa amekwisha kwenda Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Lakini mji wa kampuni ulikuwa shule ya namna yake. Katika miji ile kila kitu kilikuwa na mpaka. Nyumba za wazungu upande wao, kambi ya wafanyakazi weusi upande wao. Mshahara wa mzungu na mshahara wa mweusi havikukutana hata kazi ikiwa moja. Karani mweusi alisimama katikati: kwa ndugu zake wa kambini alikuwa mkubwa, kwa bwana wa biro alikuwa mtoto. Karibu maisha yote ya Lumumba yalikuwa vita ya mtu aliyesimama pale katikati.

Mtoto wa Onalua

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, upande wa Katako-Kombe, Sankuru. Baba yake, François Tolenga, alikuwa mkulima, na mama yake aliitwa Julienne Wamato. Alisoma kwa Wakatoliki, akasoma kwa Wametodisti, na hakumaliza. Mengi aliyoyajua baadaye aliyapata kwa kusoma vitabu mwenyewe usiku, na hilo wote waliokaa naye walilishuhudia: mtu huyu alikuwa na njaa ya kusoma.

Kwa wakaaji wa Kasongo na Kibombo, Mtetela si mgeni. Watetela na Wakusu ni watu wa asili moja na lugha zao zinasikilizana. Mpaka kati ya Kasai na Kivu ulipochorwa, serkali ya kikoloni ndiyo iliyowaandika kwa majina mawili kama makabila mawili ya mbali.

Tena historia yao ilikwisha kupita Kasongo zamani, na ilipita kwa moto. Mwaka wa 1892 Gongo Lutete, mkubwa wa vita aliyekaa Ngandu kwenye mto Lomami, aliacha upande wa Tippu Tip na mtoto wake Sefu, akajiunga na jeshi la Mfalme Leopold lililoongozwa na Dhanis. Kwa msaada wa watu wake, Nyangwe ilianguka mwezi wa tatu 1893, na Kasongo ikaanguka tarehe 22 Aprili. Miezi mitano haijatimia, wazungu walewale aliowasaidia wakamshitaki kwamba ni msaliti, wakampiga risasi palepale kwake Ngandu, tarehe 15 Septemba 1893. Watu wake waliingizwa katika jeshi na kupelekwa Luluabourg. Julai 1895 wakaasi, wakamuua mkubwa wa kambi, na vita vyao na Bula Matari vikaendelea miaka mingi. Lumumba alizaliwa miaka 30 baada ya maasi yale. Katika Sankuru ya utoto wake wazee walioyaona kwa macho walikuwa wangali hai.

Kwa hiyo upinzani haukuanza na vyama vya siasa. Lakini upinzani wa Gongo Lutete na askari wake ulikuwa wa bunduki, na ulishindwa kwa bunduki. Baada ya hapo Bula Matari alikaa. Huku kwetu ilikuja kodi, ikaja pamba ya lazima na mchele wa lazima, ikaja fimbo kwa asiyetimiza kipimo chake. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilijengwa kwa jasho la watu wa Maniema. Masomo yaliwekwa mikononi mwa misioni, na Waislamu wa Kasongo, ambao serkali iliwaona kama mabaki ya Waarabu walioshindwa, waliachwa nyuma muda mrefu: ukitaka mtoto wako asome, umpeleke kwa mapadri. Watu walinung'unika. Kunung'unika peke yake hakujawa chama.

Mtu aliyetaka kukubaliwa

Stanleyville ndipo Lumumba alipokuwa mtu mzima. Aliingia katika kazi ya serkali, halafu posta. Mwaka wa 1947 alipelekwa Léopoldville kwa masomo ya posta, akafanya kazi Yangambi, akarudi Stanleyville. Mwaka wa 1951 alimuoa Pauline Opango. Aliandika katika magazeti, kwanza juu ya adabu, masomo na maendeleo. Aliongoza vyama vya makarani, chama cha wafanyakazi weusi wa serkali, chama cha waliosoma kwa mapadri. Ukitafuta Mkongomani mwenye bidii katika Stanleyville ya miaka ya 1950, jina lake lilikuja mbele.

Watu kama yeye Wabelgiji waliwaita evolwe, maana yake mweusi aliyeendelea. Neno lenyewe lilikuwa na dharau ndani yake, lakini wengi walilibeba kama medali. Mwaka wa 1952 serkali ilifungua mlango mdogo: karte ya imatrikulasio. Mweusi aliyeipata alihesabiwa mbele ya sheria karibu kama mzungu. Na ili kuipata, ilibidi wakubwa waje mpaka nyumbani kwako. Waliangalia vitanda, waliangalia sahani na kanya, waliangalia choo, walimuuliza bibi yako maswali. Baba wa watoto, mwenye kazi na heshima, alisimama mlangoni akingoja kama mtoto wa masomo anayengoja pointi zake.

Lumumba aliomba karte ile. Walimkatalia. Hakunyamaza, alirudi tena kudai, na mwaka wa 1954 akaipata. Katika Kongo nzima, inchi ya watu zaidi ya milioni 12, mpaka karibu na uhuru walioipata walikuwa kama 200 tu. Hesabu hii peke yake inaonyesha mlango ulikuwa mdogo namna gani.

Vijana wengi wanaomvaa Lumumba kwenye tisheti hawapendi sehemu hii ya maisha yake. Wanataka Lumumba aliyezaliwa akiwa tayari anapigania uhuru. Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1955 Mfalme Baudouin alipotembelea Kongo, Lumumba alipata bahati ya kuzungumza naye Stanleyville, na ilikuwa fahari kubwa kwake. Mwaka wa 1956 serkali ilimpeleka Ubelgiji pamoja na evolwe wengine kutembea na kuona. Wakati ule bado aliamini kwamba Wakongomani na Wabelgiji wanaweza kujenga nyumba moja, mradi ubaguzi uondoke. Hakuwa anaomba Wabelgiji watoke. Alikuwa anaomba nafasi mezani.

Aliporudi kutoka Ubelgiji, Julai 1956, walimkamata. Pesa za posta zilikuwa zimekosekana, franga 126 000. Hapa hakuna sababu ya kufunika: alizichukua, na alikubali. Alieleza kwamba mshahara wa karani mweusi haukutosha kwa maisha ambayo Wabelgiji wenyewe walimdai evolwe ayaishi, yaani nyumba safi, nguo, vitabu, wageni. Rafiki zake wa Stanleyville walichanga kurudisha pesa. Bado mahakama ilimpa kifungo cha miaka miwili, ambacho baadaye kilipunguzwa, na akatoka mwezi wa tisa 1957.

Katika kipindi kile cha buloko aliandika buku juu ya wakati ujao wa Kongo. Lilikuja kuchapishwa 1961, yeye amekwisha kufa. Anayelisoma leo anashangaa: bado ni sauti ya mtu anayewaeleza Wabelgiji kwa upole namna ya kutengeneza mambo kabla hayajaharibika. Lakini buloko ilikuwa imemfundisha jambo moja ambalo safari ya Ubelgiji haikumfundisha. Karte ya imatrikulasio haikumfanya mzungu. Siku ya taabu alikuwa mweusi kama wengine.

Bia, Accra, na mwaka wa moto

Alitoka buloko, kazi ya serkali imekwisha, akahamia Léopoldville. Kampuni ya bia ya Bracongo ikamchukua kuuza bia ya Polar. Kazi hii inaonekana ndogo mbele ya historia, lakini ilimpeleka kila baa ya site, ilimfundisha kusimama mbele ya kundi la watu na kuwafanya wacheke, wasikilize, wakubali. Alizungumza Kitetela, Kifaransa, Kiswahili, Lingala na Tshiluba. Katika inchi ambayo kila mwanasiasa alijulikana kwa kabila lake, hiyo ilikuwa mali kuliko pesa.

Mwezi wa kumi 1958, tarehe 10, yeye na wenzake walianzisha chama cha Mouvement National Congolais, MNC. Tofauti yake na vyama vingine ilikuwa katika jina lenyewe: cha inchi nzima. ABAKO ya Kasa-Vubu ilikuwa ya Bakongo, na ilikuwa imekwisha kudai uhuru wa haraka tangu 1956, wakati Lumumba alikuwa bado anafikiri kupole. Hilo nalo lisemwe: hakuwa wa kwanza.

Miezi miwili baadaye alipanda ndege kwenda Accra, Ghana, kwenye mkutano mkubwa wa watu wa Afrika ulioitishwa na Kwame Nkrumah. Kasa-Vubu naye alitakiwa kwenda, lakini alizuiliwa kwa mambo ya karte ya chanjo. Mwenye kiti wa mkutano alikuwa kijana wa Kenya, Tom Mboya, mtu wa vyama vya wafanyakazi. Ghana ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja na miezi tu iliyopita. Lumumba alikutana na watu weusi waliokuwa mawaziri, na hakuna mzungu aliyepita kukagua choo chao kabla ya kuwapa kiti. Alirudi mtu mwingine. Tarehe 28 Desemba 1958 aliita watu Léopoldville, akawaeleza ya Accra, na safari hii uhuru hakuuomba kama zawadi: alisema ni haki.

Wiki moja baadaye, tarehe 4 Januari 1959, mkutano wa ABAKO ulikatazwa na Léopoldville ikawaka. Maduka yalivunjwa, askari walipiga risasi, makumi ya watu wakafa. Tarehe 13 Januari mfalme alitangaza kwenye redio kwamba Kongo itapelekwa kwenye uhuru. Hakutoa tarehe. Wabelgiji walikuwa wamezoea kuhesabu kwa miaka 30; mpango wa miaka 30 ulipotolewa katikati ya miaka ya 1950, wengi wao waliuona kama wa haraka mno. Sasa hesabu ikawa ya miezi.

Mwaka wa 1959 mambo yalikimbia. MNC ilipasuka, Albert Kalonji akachukua upande wake. Mwishoni mwa Oktoba Lumumba alifanya kongamano Stanleyville. Tarehe 30 fujo zikalipuka, watu wengi wakauawa, na tarehe 1 Novemba akakamatwa. Hii buloko ya pili haikuwa ya pesa. Mwezi wa kumi na mbili, yeye akiwa ndani, uchaguzi wa mitaa ulifanyika na chama chake kikazoa karibu kura zote za Stanleyville. Januari 1960 Wabelgiji waliita wanasiasa wa Kongo Bruxelles, kwenye Meza ya Duara, ile ambayo wazee wanaiita Table Ronde. Wakongomani walioketi pale wakakataa kuendelea bila Lumumba. Mtu aliyehukumiwa miezi sita tarehe 21 Januari, tarehe 26 alishuka kutoka kwenye ndege Bruxelles, alama za pingu mikononi. Kesho yake tarehe ya uhuru ikakatwa: 30 Juni 1960.

Kura ya Maniema

Wakati ule Maniema haikuwa jimbo. Ilikuwa distrikti ya jimbo la Kivu, na wakubwa wake walikaa Bukavu. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960, Kivu iligawanyika: upande wa maziwa chama cha CEREA kilikuwa na nguvu, upande wa Maniema MNC ya Lumumba ikatawala.

Sababu zilikuwa nyingi. Undugu wa Wakusu na Watetela ulisaidia. Reli na njia za Kindu na Stanleyville zilileta habari na watu wa chama. Waislamu waliochoka kuhesabiwa watoto wa kambo waliona chama kisichomuuliza mtu dini yake. Na wakulima waliokuwa wamepigwa kwa ajili ya pamba hawakuhitaji maelezo marefu. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Maniema ni mchanganyiko: Wakusu, Wabangubangu, Wazimba, Warega, Wazula, Wangwana, na wengine. Chama cha kabila moja kingeshinda wapi hapa? Kasongo peke yake, mtu akitembea kutoka soko mpaka msikiti, anasikia lugha tatu ine, na zote zinakutana katika Kiswahili. Chama cha inchi moja kilieleweka hapa haraka kuliko mahali ambapo kabila moja lilijaza mji wote.

Katika bunge la Léopoldville MNC ya Lumumba ilipata viti 33 kati ya 137, pamoja na rafiki zake wakafika 41. Ilikuwa ya kwanza, lakini ilikuwa mbali na nusu. Hii namba inapaswa kukaa kichwani, sababu inaeleza mengi yaliyofuata. Lumumba alikuwa Waziri Mkuu wa serkali ya kuunganisha watu ambao wengi wao hawakumpenda, na Kasa-Vubu, mshindani wake wa zamani, akawa Rais.

Tarehe 30 Juni Mfalme Baudouin alisema kwanza, akasifu kazi ya Leopold wa pili. Kasa-Vubu akajibu kwa adabu. Lumumba hakuwa kwenye programu. Alisimama hata hivyo, na mbele ya mfalme akahesabu yote: kazi ya lazima isiyolipa chakula, fimbo, matusi, mzungu kumwambia mzee mweusi maneno ya kumwambia mtoto, ardhi iliyochukuliwa, sheria moja kwa mweupe na nyingine kwa mweusi, risasi na buloko. Hotuba ilitoka moja kwa moja kwenye redio. Wabelgiji walikasirika hata sherehe karibu ivunjike. Wengine mpaka leo wanasema alikosa hekima, kwamba siku ile haikuwa ya kuhesabu madeni. Labda. Lakini yule aliyesimama pale ni mtu aliyewahi kungoja mlangoni wakati wageni wanahesabu sahani zake. Alikuwa amejaribu adabu miaka kumi.

Siku 67

Tangu uhuru mpaka siku Kasa-Vubu alipotangaza kumwondoa, ni siku 67. Hakuna serkali inayojengwa kwa siku 67, na hii haikupewa hata wiki moja ya usingizi. Tarehe 5 Julai askari wa Force Publique waliasi, sababu wakubwa wao wote walikuwa bado wazungu na jenerali wao alikuwa amewaambia wazi kwamba uhuru hautabadili kitu kambini. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alikata Katanga na madini yake. Jeshi la Ubelgiji lilirudi. Umoja wa Mataifa ulikuja lakini haukutaka kuingia Katanga kwa nguvu kama Lumumba alivyotaka. Yeye akaomba ndege na magari kwa Warusi, na tangu pale Wamarekani wakamweka kwenye orodha ya maadui.

Alifanya makosa, na moja ni zito. Mwezi wa nane jeshi lililotumwa Kasai ya Kusini, ambako Kalonji alitangaza inchi yake, liliua raia wengi Bakwanga. Damu ile inabaki juu ya serkali yake. Alikuwa pia mtu wa haraka, aliyevunja na marafiki kwa siku moja, na aliyemwamini Mobutu, ambaye yeye mwenyewe alimpa cheo jeshini.

Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alimwondoa, bunge likakataa, tarehe 14 Mobutu akawanyamazisha wote wawili. Lumumba akafungiwa nyumbani, duara la askari wa Umoja wa Mataifa likimlinda, na nyuma yake duara la askari wa Mobutu likingoja atoke. Usiku wa tarehe 27 Novemba, mvua ikinyesha, alitoroka kwa gari. Alikuwa anakwenda Stanleyville, kwa watu wake, ambako Antoine Gizenga angekusanya serkali. Angefika, pengine angefika salama. Lakini kila kijiji kilipomtambua kilimzunguka, na yeye hakuweza kupita bila kuzungumza nao. Walimkamata Lodi, kwenye mto Sankuru. Alikuwa amekwisha kuvuka. Bibi yake Pauline na mtoto wao mdogo Roland walikuwa wamebaki ng'ambo, mikononi mwa askari. Akarudi.

Kutoka pale alipelekwa kambi ya Thysville. Tarehe 17 Januari 1961 alitiwa katika ndege ya Élisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakipigwa njia nzima. Usiku huohuo walipigwa risasi porini, mbele ya mawaziri wa Katanga na Tshombe mwenyewe, chini ya amri ya ofisa Mbelgiji. Baadaye maiti zao zilifukuliwa, zikakatwa na kuyeyushwa kwa asidi, ili pasiwe na kaburi. Mbelgiji wa polisi aliyefanya kazi hiyo alijiwekea meno. Inchi ilitangaziwa kifo tarehe 13 Februari tu, na kwa uongo: kwamba alitoroka na wanakijiji wakamuua. Alikuwa na miaka 35.

Jina lililorudi Maniema

Hapa Maniema jina lake lilirudi kwa namna ambayo wazee hawapendi kuisimulia mbele ya watoto. Mwaka wa 1964 Wasimba waliinuka kudai uhuru wa pili, na walipigana kwa jina la Lumumba. Kindu ilianguka mwezi wa saba. Vita vilipita Kasongo na Kabambare, na misitu ya Kabambare ikabaki na wapiganaji muda mrefu. Wengi waliowafuata waliamini kweli kwamba uhuru wa 1960 uliibiwa, na hawakuwa wamekosea kabisa. Lakini katika kutafuta wasaliti, Wasimba waliwakamata watu wa biro: makarani, walimu, watu wa posta, mtu yeyote aliyevaa tai na kuandika Kifaransa. Stanleyville wengi waliuawa mbele ya mnara wa Lumumba mwenyewe.

Karani wa Kalima, mtu wa posta wa Stanleyville, mpenda vitabu mwenye miwani: kama hangekuwa na jina lile, mwaka wa 1964 angekuwa kwenye orodha.

Miaka miwili baadaye, 1966, Mobutu alimtangaza shujaa wa taifa. Watu walijua ni nani anayesema, wakanyamaza. Mwaka wa 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikubali kwamba inchi yao ilikuwa na deni la kimaadili katika kifo kile, na mwaka wa 2002 serkali yao ikaomba radhi.

Jino moja lilikamatwa na sheria ya Ubelgiji mwaka wa 2016, kutoka nyumbani kwa binti wa yule polisi. Tarehe 20 Juni 2022 lilikabidhiwa kwa watoto wa Lumumba huko Bruxelles, likawekwa katika jeneza la ukubwa wa mtu mzima. Kutoka Kinshasa lilipelekwa kwanza Sankuru, mpaka Onalua, ambayo leo inaitwa Lumumbaville, na wazee wa pale wakalilia kwa desturi ya Watetela, miaka 61 baada ya msiba. Halafu Kisangani, halafu Shilatembo. Tarehe 30 Juni likawekwa kaburini Kinshasa. Pauline hakuliona. Alikufa Desemba 2014, mjane wa miaka 53 asiye na kaburi la kutembelea.